Mali Bila Daftari

Katika kurasa hizi za chama chetu cha Kiswahili umezoea kusoma vitendawili, mashairi ya malumbano na habari za mijadala. Leo nakuletea jambo ambalo wengi wetu hulisikia kama tunavyolisikia treni la mizigo likipita Voi usiku: linapita, nasi tunageukia upande wa pili na kulala. Nataka tuzungumze kuhusu vyama vya wanafunzi wanaosomea ukutubi katika vyuo vikuu. Tafadhali usifunge jarida kwanza. Jambo hili linatuhusu sisi hapa hapa shuleni, tena mwaka huu huu.

Mimi nililijua kupitia kwa dada yangu, binti wa mama mkubwa, aliyesomea elimu ya maktaba na habari katika chuo kikuu kimoja cha bara. Barua yake ya kujiunga na chuo ilipofika, nyumba haikushangilia sana. Wengine walitarajia udaktari, wengine uwakili. Mjomba, ambaye neno lake katika jamaa yetu ni zito, aliuliza mbele ya watu, "Mwanangu, umesoma miaka yote hii ili ukapanguse vumbi kwenye vitabu? Si hata mimi naweza kupangusa?" Watu wakacheka. Dada hakujibu, maana mjomba hajibizwi ovyo.

Lakini wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Haukupita muda mrefu, upimaji wa mashamba ukafika kijijini kwetu. Nyinyi wenzangu wa Taita Taveta mnajua neno "shamba" lina uzito gani huku kwetu, kati ya mbuga ya Tsavo, mashamba ya mkonge na ranchi. Asiye na karatasi hana la kusema. Kila mtu akaambiwa alete karatasi zake. Mjomba akatafuta barua yake ya kugawiwa shamba katika sanduku la bati, chini ya godoro, hata ndani ya Biblia. Siku ya kwanza, wapi! Siku ya pili, wapi! Usingizi ukamruka.

Bahati nzuri dada alikuwa nyumbani kwa likizo. Aliomba ruhusa, akamwaga karatasi zote juu ya mkeka, akaanza kuzitenga: risiti za karo huku, kadi za kliniki kule, barua za shamba mahali pake. Kila fungu akalipanga kwa miaka. Kabla ya magharibi barua ikapatikana, imekunjwa ndani ya risiti ya karo ya mwaka 1994. Mjomba aliishika kwa mikono miwili, akasema, "Kumbe ndiyo hiyo kazi yenyewe?" Dada akajibu, "Ndiyo hiyo, mjomba." Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja vumbi tena.

Sasa tuingie chuoni. Dada aliniambia kwamba darasani walifundishwa nadharia, lakini kazi aliijua katika chama cha wanafunzi wa idara yao. Kilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mwalimu mlezi, kama chama chetu tu. Walitoa mchango mdogo kila muhula. Waliwapokea wanafunzi wapya na kuwaonyesha njia, wakazuru maktaba na nyumba za nyaraka, wakawaalika wakutubi waje kuwaeleza kazi ilivyo, bila kuipaka sukari. Walisaidiana kutafuta nafasi za mafunzo ya kazini. Aidha, walikusanya vitabu na kuvipeleka katika shule za msingi, na huko hawakuviacha kwenye maboksi. Walikaa na wanafunzi, wakawafundisha kupanga, kuazima na kurudisha.

Tena walikuwa na mijadala, bwana! Mmoja nilitamani niwe nimeuhudhuria. Mnajua zile nambari zinazobandikwa mgongoni mwa vitabu? Nyingi zinafuata mpango wa Mmarekani Melvil Dewey, uliochapishwa mwaka 1876. Mpango huo hugawa elimu yote katika mafungu 10, kuanzia 000 hadi 900. Lugha ziko katika 400 na fasihi katika 800. Ajabu ni kwamba lugha za Ulaya zilipewa nafasi pana, Kiingereza 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440 na kadhalika, ilhali lugha zote nyingine za dunia zilisongamanishwa katika 490. Ndiyo maana Kiswahili chetu kimekaa kule ndani kwenye 496.392, na fasihi yake 896.392. Wanafunzi walishindana: je, maktaba ya Mwafrika ifuate mpango huo ulivyo, au ipange vitabu kwa namna inayomfaa msomaji wake? Hayo si maswali ya mtu wa kupangusa vumbi.

Lakini sasa sikilizeni kilichowapata. Dada alipofika mwaka wa tatu alichaguliwa kuwa katibu. Siku ya kwanza akaomba daftari la kumbukumbu za mikutano. Hakuna. Akaomba faili la barua. Hakuna. Waliotangulia walikuwa wamehitimu na kwenda zao, kila mmoja na simu yake na makaratasi yake. Hebu fikirieni! Watu wanaosomea kutunza kumbukumbu, kumbukumbu zao wenyewe hazipo. Kweli, mganga hajigangi.

Ingekuwa aibu tu, wangecheka yakaisha. Siku moja mwalimu mkuu wa shule fulani ya msingi alipiga simu. Viongozi wa zamani walikuwa wameiahidi shule yake vitabu. Wazazi wakachanga mbao, fundi akatengeneza rafu, watoto wakangoja mwaka mzima. Rafu zimesimama tupu. Chamani hapakuwa na hata mtu mmoja aliyejua habari za ahadi ile. Dada aliniambia, "Mdogo wangu, nilisikia uchungu. Wale watoto hawakunyimwa vitabu na umaskini. Walinyimwa na daftari ambalo halikuandikwa."

Basi akaanza upya. Alinunua daftari gumu na sanduku la kufungwa. Kila mkutano ukaandikwa, kila ahadi ikapewa tarehe na jina la mwenye kuitimiza. Wakaweka na kanuni: viongozi wapya wataapishwa tu baada ya wa zamani kukabidhi sanduku mbele ya mwalimu mlezi, pande zote mbili zitie sahihi. Shule ile ilipelekewa vitabu baadaye, si na dada, bali na katibu aliyemfuata. Yeye alilikuta jambo limeandikwa, akalimaliza. Dada husema hilo ndilo jambo analojivunia kuliko cheti chake.

Nikalifikiria sana jambo hili nikaona kwamba ugonjwa huu si wa chuo kimoja. Mwanafunzi ni mpita njia. Huko Marekani, ambako chama kikuu cha maktaba kiliundwa mwaka 1876, shule nyingi za ukutubi zina matawi ya wanafunzi ya chama hicho. Lakini kozi yao ni shahada ya uzamili ambayo wengi huimaliza kwa miaka miwili hivi. Mtu akichaguliwa leo, kesho anavaa joho. Pasipo makabidhiano, kila mwaka wanaanza kujenga kutoka msingi.

Hata hapa kwetu Afrika Mashariki, fani hii imepokezwa kutoka mkono hadi mkono. Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1956. Mwaka 1963, kwa msaada wa Unesco, shule ya ukutubi ilifunguliwa Makerere, na Wakenya, Waganda na Watanzania wakasoma pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi zetu zikawa na vyama vyao, hapa Kenya kikiwa Kenya Library Association. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kikaanzisha kitivo cha sayansi ya habari, na siku hizi vyuo kadhaa vinafundisha somo hili. Huduma ya maktaba ya taifa nayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na mwaka 1996 ikaanza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Ngamia, jamani! Haya yote yaliwezekana kwa sababu kuna aliyeanza, akaandika, akamkabidhi mwenzake.

Sasa nirudi nyumbani, maana mcheza kwao hutunzwa. Hapa shuleni tuna chama cha maktaba. Kilianza baada ya dada kuja kuzungumza nasi. Zamani maktaba yetu ilikuwa na kufuli, nayo ikifunguliwa kwa ukaguzi tu. Mwalimu mkuu alikubali ifunguliwe Jumamosi kwa sharti moja: wanachama wawepo, wavihesabu vitabu, waandike kila kinachotoka na kila kinachorudi. Chama kikifa, kufuli inarudi mlangoni. Wanachama tuko tisa. Sita kati yetu ni wa kidato cha nne, nao Novemba wanatuaga.

Tisa kutoa sita, wenzangu, si hesabu ngumu.

Najua mtaniambia mna kazi nyingi. Wengine mtasema maktaba siku hizi iko kwenye simu. Sawa, lakini shuleni simu haturuhusiwi, na wengi wetu kwetu mtandao unashikika ukipanda juu ya jiwe. Kuna dada mmoja wa kidato cha pili kutoka upande wa Kasigau. Kwao giza likiingia hakuna kutoka nje, ndovu wako njiani. Likizo iliyopita aliazima vitabu vitatu vya hadithi, akawasomea ndugu zake jioni zote, akavirudisha vyote bila hata ukurasa kukunjika. Jina lake limo daftarini. Mtu kama huyo tukimfungia mlango, tutamwambia nini?

Kwa hivyo natoa ombi. Sihitaji watu hodari wa kuhutubia. Nahitaji watu wa kuja Jumamosi saa nne, kubandika nambari, kushona vitabu vilivyochanika na kuandika kwa mwandiko unaosomeka. Mkipenda baadaye kusomea ukutubi, mtaingia chuoni mkiwa tayari mmeionja kazi. Msipopenda, mtakuwa mmejifunza kukabidhi kitu kikiwa kizima, na hilo litawafaa hata mkiwa madaktari, hata mkiwa wenye mashamba kama mjomba wangu.

Kidole kimoja hakivunji chawa, nasi vidole vinapungua. Daftari letu ni la jalada la kijani, na kwa sasa liko kwa mwalimu mlezi wa chama cha maktaba. Makabidhiano ni wiki ya pili ya muhula wa tatu. Nimepiga mistari kwenye ukurasa wa majina mapya, na mstari wa kwanza bado haujaandikwa. Wassalamu.