Bustani ya Watu Wote

Katikati ya mji wa Nairobi iko bustani kubwa iitwayo Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969. Humo mtoto asiye na ua kwao hupata nafasi ya kukimbia. Viungo vyake hupata nguvu, naye hujifunza kungojea zamu yake na kupatana na wenziwe.

Mwaka 1989 palikusudiwa kujengwa humo jumba la orofa 60. Mama mmoja, Wangari Maathai, akaandika barua nyingi kulipinga. Alidhihakiwa hata bungeni, walakini hakunyamaza. Mwisho wenye fedha wa ng'ambo walijitoa, na jumba lile halikujengwa.

Basi mtoto achezaye juu ya nyasi zile na ajue kwamba yuko aliyestahimili dhihaka ili zisifunikwe kwa mawe.