Jioni Mbili Juu ya Kilima cha Makerere

Msafiri anayefika Kampala kwa mara ya kwanza huambiwa kwamba mji huu umejengwa juu ya vilima, na kwamba kila kilima kina mwenyewe. Namirembe ni kilima cha kanisa kuu la Waanglikana. Rubaga ni cha kanisa kuu la Wakatoliki. Kibuli kina msikiti ambao mnara wake huonekana kutoka mbali, na juu ya Kampala ya Kale umesimama msikiti mkuu wa taifa uliofunguliwa mwaka 2008. Huko kaskazini, katika kilima cha Kikaya, lipo hekalu la Wabahai. Makerere ndicho kilima cha elimu, na kwa kuwa elimu haina dhehebu, dini zote hukutana hapo.

Mimi nilipanda kilima hicho jioni mbili mfululizo, nikiwa pamoja na jirani yangu, sajini mstaafu wa polisi. Tulikuwa tumealikwa na mpwa wangu anayesoma huko. Wanafunzi wa dini mbalimbali walikuwa wamepanga kuonyesha filamu mbili zinazohusu imani, kisha watu wakae wazungumze. Sajini alipopata habari hiyo alicheka. Alisema kwamba katika maisha yake aliona sinema kambini kwa ajili ya kuburudika tu, na hakupata kusikia kwamba mtu aweza kutafuta Mungu ukutani. Hata hivyo alivaa kanzu yake safi, tukaondoka.

Tuliteremka katika teksi pale Wandegeya, mahali penye kelele nyingi na harufu ya rolex, yaani chapati iliyoviringwa na mayai, chakula kinachopendwa mno na wanafunzi. Kutoka hapo mpaka lango la chuo si mbali, lakini ukishapita lango kelele hubaki nyuma yako. Barabara hupanda chini ya miti mikubwa mpaka penye Jengo Kuu lenye mnara wa saa. Jengo hilo liliungua vibaya usiku wa mwezi Septemba mwaka 2020, na watu wengi waliosoma hapo walilia kama waliofiwa. Lilijengwa upya, nalo sasa linasimama kama lilivyokuwa.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Mwaka 1949 ikawa chuo kilichoshirikiana na Chuo Kikuu cha London, mwaka 1963 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 ikasimama peke yake. Marehemu Mwalimu Julius Nyerere alisoma hapa katika miaka ya vita kuu ya pili, na baadaye wakaja Mwai Kibaki wa Kenya na Benjamin Mkapa wa Tanzania. Ndani ya eneo la chuo yamo makanisa mawili, la Mtakatifu Fransisko la Waanglikana na la Mtakatifu Agostino la Wakatoliki, na upo pia msikiti. Magharibi ile, adhana na nyimbo za kwaya zilitufikia kwa wakati mmoja, wala hakuna aliyeonekana kukerwa.

Chumba chenyewe kilikuwa darasa la kawaida lenye viti vya mbao. Ukuta mmoja mweupe ulitosha kuwa pazia la sinema. Jioni ya kwanza ilionyeshwa filamu ya Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab nchini Syria, iliyotolewa mwaka 1976 juu ya mwanzo wa Uislamu. Kwa Kiarabu huitwa Al-Risala, maana yake Ujumbe. Akkad aliipiga filamu hiyo mara mbili kwa waigizaji tofauti. Katika ile ya Kiingereza, Hamza aliigizwa na Anthony Quinn, na katika ile ya Kiarabu na Abdullah Gaith. Ajabu yake kubwa ni kwamba Mtume Muhammad haonekani hata mara moja, wala sauti yake haisikiki. Watu huikabili kamera na kuzungumza nayo, na mtazamaji huketi mahali pa yule asiyeonyeshwa.

Mwalimu mmoja alitueleza mambo yaliyoifuata filamu hiyo. Mwezi Machi mwaka 1977, watu wenye silaha waliteka majengo matatu mjini Washington na kushika mateka zaidi ya mia. Miongoni mwa madai yao ilikuwa filamu hiyo isionyeshwe, kwani waliona kuwa inamdhalilisha Mtume. Mabalozi wa Misri, Pakistan na Iran, wote Waislamu, walikwenda kuketi na kiongozi wa wale watu, wakamsomea aya za Kurani, na baada ya saa chache mateka waliachiliwa. Sajini alitikisa kichwa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe amewahi kusimama mbele ya mlango wenye mtu mwenye bunduki ndani, na anajua thamani ya neno linalosemwa kwa wakati wake. Akkad mwenyewe alifariki mwezi Novemba mwaka 2005 pamoja na binti yake, kwa mabomu yaliyolipuliwa katika mahoteli ya Amman na watu waliodai kuipigania dini ileile aliyoitangaza.

Sehemu iliyozungumzwa sana jioni hiyo ilikuwa ile ya Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi. Waislamu wa kwanza walioteswa Makka walivuka bahari kumkimbilia, na wakuu wa Makka wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishwe. Jafar bin Abu Talib alimsomea mfalme habari za Maryamu na mwanawe kama zilivyo katika Kurani. Mfalme akachora mstari chini kwa fimbo yake kuonyesha jinsi tofauti baina yao ilivyokuwa nyembamba, akakataa kuwatoa. Kijana mmoja kutoka Sudan Kusini alisimama akasema kwamba yeye alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya nchi hii, inayohifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja, na kwamba hakujua kuwa desturi hiyo ya Afrika ni ya zamani kiasi hicho. Watu walimpigia makofi. Sajini hakusema neno.

Jioni ya pili ilikuwa zamu ya filamu ya Kifaransa iliyotolewa mwaka 2010 na Xavier Beauvois, iliyopata tuzo kuu ya pili katika mashindano ya Cannes mwaka huohuo. Yahusu watawa Wakatoliki wa Tibhirine, katika milima ya Atlas nchini Algeria, walioishi kati ya wanakijiji Waislamu. Maneno yalikuwa ya Kifaransa na Kiarabu, na tafsiri ya Kiingereza ilipita upesi chini ya picha. Kwa hiyo msichana mmoja mwanafunzi aliketi karibu na Sajini akimfasiria kwa Kiswahili. Katikati ya filamu umeme ulikatika. Tulingoja gizani karibu nusu saa mpaka jenereta likawashwa, na hakuna aliyeondoka.

Katika miaka ya tisini Algeria ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoua maelfu kwa maelfu. Watawa walishauriwa kuondoka. Jeshi lilitaka kuwapa ulinzi, na mkuu wao, Christian de Chergé, akakataa, kwa kuwa hakutaka nyumba ya sala iwe kituo cha upande mmoja. Mtawa Luc, aliyekuwa daktari mzee, alimtibu kila aliyebisha hodi. Walijadiliana, wengine wakaogopa waziwazi, mwishowe wakakubaliana kubaki na majirani zao. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi 1996 saba kati yao walichukuliwa, na mwezi Mei ikajulikana kuwa wameuawa. Mpaka leo kuna mabishano juu ya nani aliyewaua. Mwaka 2018, mjini Oran, Kanisa Katoliki liliwatangaza kuwa wenye heri.

Filamu ilipokwisha, padri mmoja alisimulia jambo ambalo linawahusu hasa wasomaji wa gazeti hili. Christian de Chergé alipokuwa kijana alitumwa Algeria akiwa ofisa katika jeshi la Ufaransa, wakati wa vita vya ukombozi. Huko alifanya urafiki na Mwislamu mmoja aliyeitwa Mohamed, askari mlinzi wa kijiji na baba wa watoto kumi. Siku moja watu walitaka kumdhuru yule ofisa, na Mohamed akasimama kati yao akamtetea. Muda mfupi baadaye Mohamed alikutwa ameuawa karibu na kisima chake. De Chergé hakusahau. Kurudi kwake Algeria akiwa mtawa, na kukataa kwake kuondoka, kulikuwa na mzizi katika deni hilo.

Hapo ndipo Sajini aliposimama. Chumba chote kilinyamaza, na mwenyekiti akamwita kwa heshima, "Karibu, Afande."

Sajini alisema kwamba alikuwa na mwenzake Mkristo, waliofanya doria pamoja kwa miaka kumi na mmoja. Usiku wa Krismasi yeye Mwislamu alilinda mlango wa kanisa ili mwenzake apate kusali, na siku ya Idi mwenzake alimshikia zamu. Kisha mwenzake akafa katika ajali ya gari kazini. Siku ya mazishi, Sajini alifika mpaka mlango wa kanisa akashindwa kuingia. Alifundishwa tangu utotoni kwamba haifai. Alisimama nje juani mpaka jeneza likatoka. Mjane wa marehemu alimwona pale nje, na tangu siku hiyo hawajasemezana, ingawa nyumba zao zilikuwa katika mstari mmoja kambini. "Nimekuja kuuliza," alisema, "kama nilikosa."

Sheikh mmoja aliyefundisha chuoni alijibu kwanza. Alisema wanazuoni wametofautiana juu ya kuingia kanisani, lakini hawakutofautiana juu ya kumpa pole jirani aliyefiwa. Akakumbusha kwamba Mtume mwenyewe alisimama kwa heshima jeneza la Myahudi lilipopita. Padri akasema kwamba mtu aliyesimama juani saa mbili kwa ajili ya rafiki yake hawezi kuhesabiwa kuwa hakuhudhuria mazishi.

Majibu yote mawili yalikuwa mema, na Sajini aliyashukuru. Lakini yule msichana aliyemfasiria akauliza taratibu, "Mzee, mama huyo anajua kwa nini ulisimama nje?"

Sajini alikaa kimya kwa muda. Kisha akajibu, "Hajui. Sikumwambia."

Hakuna aliyeongeza neno baada ya hapo. Tuliteremka kilima usiku, taa za Namirembe na za Kibuli zikiwaka mbali kila moja mahali pake. Ndani ya teksi Sajini hakuzungumza. Asubuhi yake, nilipokwenda kumjulia hali, mke wake aliniambia kwamba ametoka mapema amevaa kanzu ileile, amechukua kilo mbili za sukari, na amekwenda Nansana, anakoishi mjane huyo siku hizi.

Kambi zetu za jeshi na polisi hukusanya chini ya paa moja watu wa kila kabila na kila dini. Tunalindana usiku, tunakopeshana chumvi mchana, na mara nyingi tunaachana kwa jambo dogo ambalo hakuna aliyelieleza. Wasomi wa Makerere waliniongezea maarifa mengi kwa jioni zile mbili, nami nawashukuru. Lakini lile ninalopenda mlipeleke nyumbani kwenu ni swali la msichana yule: jirani yako anajua kwa nini ulisimama nje?