Kwenda Iringa kwa Pikipiki Ndogo

Ndugu msomaji, huenda nawe umewahi kuulizwa swali ambalo jibu lake unalijua lakini unaona haya kulitamka. Mimi niliulizwa na mke wangu usiku wa kuamkia safari, nilipokuwa nikifunga begi juu ya kiti cha pikipiki. "Baba watoto, mabasi ya Iringa yamekwisha?" Nikamwambia habari za nauli na foleni ya kituoni. Ukweli ni kwamba nilitamani tu, na mtu wa makamo yangu huona vigumu kusema kwamba anatamani.

Pikipiki yenyewe si ile ya kubebea abiria uliyoizoea mtaani. Ni ya umbo la mashindano: tangi limetuna, usukani umeshuka, kiti cha nyuma kimeinuka mithili ya mkia wa nge. Wapita njia hudhani ni jitu. La hasha, injini yake ni ya sisi 200, uzito wake kilo 145 hivi, na tangi lake hujaa kwa lita 12. Mwanafunzi mwenye nguvu aweza kuisukuma hadi kituo cha mafuta pasipo kutweta sana.

Nilitakiwa Iringa Jumamosi, saa nne asubuhi. Washenga walikuwa waje nyumbani kuzungumza mahari ya dada yangu mdogo, na kwa kuwa baba yetu hatunaye tena, kiti chake kilikuwa changu. Nilipanga kuondoka Ijumaa alfajiri ili nifike kabla ya jua kuchwa. Lakini kazi za chumba cha habari hazina adabu, na muadhini alikuwa akiita adhuhuri nilipoipita Kibaha.

Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kilomita 500 hivi, na barabara ni ya lami tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye gari huihesabu safari hiyo kwa saa. Mwenye pikipiki ndogo huihesabu kwa viungo vya mwili. Kiti cha mashindano humwinamisha mwendeshaji mbele, na uzito wote wa kifua hutua juu ya viganja. Mjini hilo si neno. Lakini ukifika Chalinze, pale njia ya Tanga na Arusha inapojitenga, vidole viwili vya mwisho huwa vimekufa ganzi. Dawa yake niliijua nikiwa nimechelewa: bana tangi kwa magoti ili mapaja na mgongo vikibebe kifua, na mikono ibaki milegevu kama ya mtu aliyepakata mtoto mchanga. Kisha simama kila kilomita 80 au 100, hata kama hujachoka. Nami nilijivuna, sikusimama.

Ubaya wa barabara hii ni malori. Ndiyo njia ya mizigo ya Zambia na Kongo, na sheria huruhusu lori lenye shehena kufikia tani 56. Lori likujialo husukuma ukuta wa hewa mbele yake. Ukikutana nao kifua hupigwa kofi, na pikipiki husogea kuelekea ukingoni; mara mkia wa lori upitapo, hewa hukuvuta tena katikati ya njia. Pikipiki kubwa hutikisika kidogo. Ndogo huhama. Na ukitaka kulipita lililo mbele yako, tambua kwamba ukiwa tayari katika mwendo wa kasi, injini ndogo haina akiba kubwa ya kukuongezea. Nilijaribu mara moja, karibu na Mikese. Nilifika usawa wa mlango wa dereva, nikaona basi linakuja, na ile nguvu niliyoitazamia haikuja. Nilirudi nyuma kwa breki na kwa rehema za Mungu. Tangu hapo nilikaa nyuma ya malori kwa saburi, nikinusa moshi wao.

Morogoro niliingia saa kumi. Nikanywa chai Msamvu, nikamtafuta fundi akaze mnyororo uliokuwa umelegea na kuanza kugonga. Saa kumi na mbili nilikuwa kijijini Doma, na mbele yangu kulikuwa na Hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara kuu huikata katikati kwa kilomita zipatazo 50.

Hapo, ndugu msomaji, nilizima injini nikafikiri. Jua lilikuwa linakwenda zake nyuma ya vilima. Pikipiki ina taa moja, na nyati hana hata moja. Malori yakujayo hukumulika hadi usione ukingo wa lami. Kwa upande wa pili, kulikuwa na kiti cha baba na washenga wa saa nne. Basi la Iringa lilinipita nikiwa nimesimama pale, taa za ndani zinawaka, abiria wamelaza vichwa madirishani.

Nikapiga simu nyumbani. Alipokea baba mdogo. Nilipomweleza, alikaa kimya, kisha akasema, "Washenga hawangoji pikipiki." Nikamwambia, "Nimekusikia, baba. Nisamehe." Nikatafuta chumba, nikalala na viatu karibu ya kitanda.

Alfajiri niliingia hifadhini, nyasi zimefunikwa na ukungu. Katika basi hupita hapo ukitazama kama sinema. Juu ya pikipiki hakuna kioo: harufu ya samadi na ya majani mabichi inakuingia puani, na baridi inapenya hadi mifupani. Lori lililokuwa mbele yangu likasimama. Kundi la tembo lilikuwa likivuka, majike na watoto wao, bila haraka yoyote, na jike mmoja mkubwa akabaki katikati ya lami akitugeukia, masikio yametanda. Mimi nilijificha nyuma ya lile lori kama kifaranga nyuma ya mama yake. Ilichukua robo saa nzima. Nilitazama saa mara nyingi mno, kisha nikaona aibu nikaacha.

Baada ya mji wa Mikumi joto hupanda. Ruaha Mbuyuni ni bonde la mibuyu na vitunguu, akina mama wamevipanga kando ya barabara, na kofia ngumu kichwani huwa kama chungu jikoni. Kisha huja Kitonga. Barabara hupanda kwa kujikunja ubavuni mwa mlima, bonde likiwa wazi pembeni, na malori yateremkayo hunuka breki zilizoungua. Nilipanda kwa gia ya pili. Hewa hupungua kadiri upandavyo, na injini hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Pikipiki kubwa haijali, ndogo hulalamika. Lakini ilipanda. Ilula nilivaa koti la pili.

Nilivuka Ruaha Ndogo pale Ipogolo, nikapanda kilima cha mji, na kufika nyumbani saa saba kasoro. Vikombe vilikuwa vimekwisha kuoshwa. Kiti cha baba kilikuwa kimerudishwa ukutani.

"Kamwene," nilimwamkia mama. Alinishika mikono, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja, kwani nilikuwa siwezi kuvikunja mwenyewe. Mahari ilikuwa imekubaliwa. Baba mdogo ndiye aliyesema kwa niaba yetu. Dada yangu alinipa chakula bila kuniuliza kitu, na hilo liliniuma kuliko viganja.

Jioni nilimkuta baba mdogo uani, peke yake, akiizunguka ile pikipiki. Aligusa tangi. Akauliza lita moja inakwenda umbali gani. Nikamjibu kilomita 35 hivi, mtu asipokimbia.

"Na Jumatatu unaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kamili, baba."

"Saa kumi na moja na nusu nitakuwa hapa," akasema. "Nitakuona ukifunga huo mzigo."

Alikuja saa kumi na moja.