Santuri na Mpagazi

Miembe ya njia ya misafara ingali imesimama Tabora. Wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji walipita wakiimba. Nyimbo zao nyingi zimetoweka, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kuzidaka.

Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, bendi za mji huohuo, zilibahatika kurekodiwa. Hata hivyo, sahani nyingi zimelala miaka mingi, zimefunikwa vumbi. Aichezaye leo “Rangi ya Chungwa” ya Nyanyembe Jazz, nyuma ya mikwaruzo ya sindano, husikia mji mzima ukimjia.

Santuri nayo ni mpagazi. Imeibeba sauti ya Unyanyembe hadi pwani. Asipopatikana wa kuupokea mzigo, itaanguka njiani.