Bura: Mto Tana na Jirani Yake Juba



Tulitoka Garsen baada ya sala ya alfajiri, tukaupita mji wa Hola, na jua lilikuwa limekwisha kupanda tulipoingia Bura. Njia nzima Mto Tana ulikuwa kuliani kwetu, umefichwa na miti. Mwenyeji wetu, mama mtu mzima, alitukaribisha kwa chai ya maziwa chini ya kivuli cha mathenge, mti uliopandwa hapa katika miaka ya 1980 ili kina mama wapate kuni, na ambao leo umeteka malisho na mashamba.

Ng'ambo ya mto, upande wa mashariki, iko njia ya Kolbio na Kismayu. Kabla ya mwaka 1925, msafiri aliyeishika hakukuta mpaka wa dola mpaka afike Mto Juba, kwani Kismayu na bara yake yote ilikuwa chini ya Waingereza, kama Lamu na Bura. Kwa mkataba wa mwaka 1924, Uingereza iliikabidhi Italia nchi hiyo, iwe ujira wa kuingia upande wake katika Vita Vikuu vya Kwanza. Wenyeji hawakuulizwa.

Waitaliano walijivunia maendeleo. Huko Jowhar, kando ya Mto Shabelle, Mtawala wa Abruzzi, wa ukoo wa mfalme, alianzisha mashamba makubwa mwaka 1920. Mifereji ikachimbwa, reli ikafika, sukari ikasagwa. Huko Genale ilipandwa pamba, na bei yake ilipoanguka, wakageukia ndizi za kupelekwa Italia kwa meli. Mwenye kuyatazama mashamba yale angesema nchi imestawi.

Lakini ni nani aliyeshika jembe? Wakulima wa mtoni, wengi wao wajukuu wa watumwa waliotoka pwani yetu, wakiwemo Wazigua wa upande wa Tanga, walilazimishwa kuyaacha mashamba yao wenyewe wakatumikie ya wageni. Zama hizo waliziita kolonya. Mahindi ya nyumbani yalikosa mikono msimu uleule ambao ndizi zilipata maji. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, wengi wa kizazi chao walikimbilia Dadaab, si mbali na hapa Bura.

Turudi Bura. Hapa hakuna aliyeletwa kwa mjeledi. Familia za kwanza zilifika mwaka 1981, kutoka pembe nyingi za Kenya, kwa hiari na kwa matumaini, katika mradi wa Serikali uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Zilikusudiwa hekta 6,700. Zilizotengenezwa hazikufika nusu. Zao kuu lilikuwa pamba, na maji yalivutwa mtoni kwa pampu za mafuta. Pampu zilipokwama, pamba ilikauka, na pamba hailiwi.

Mwenyeji wetu alitusimulia miaka hiyo bila ya kumlaumu mtu. Alisema tu kwamba wanaume walihesabu magunia ya pamba, na wanawake wakahesabu siku zilizobaki katika debe la unga.

Dhuluma ya kolonya haifanani na kasoro za Bura, wala si haki kuzitia katika mizani moja. Hata hivyo, swali la yule mama linafaa kuulizwa kwenye kila mto: mfereji huu ukichimbwa, chungu cha nyumbani kitapikwa nini? Wazee wetu wakikaa na wenye miradi, na kina mama wawemo kikaoni, maana wao ndio wa kwanza kujua debe linapokwisha.

Tulipoaga, alitufungia maembe ya kando ya mto katika leso. Tulisafiri nayo hadi nyumbani, alhamdulillahi, na watoto wakayala siku ileile.