Kwa Baiskeli Katika Visiwa vya Bahari ya Seto

Baina ya Honshu, kisiwa kikuu cha Japani, na kisiwa cha Shikoku kilichoko kusini yake, ipo bahari nyembamba iitwayo Seto, na ndani yake visiwa vimesongamana hata mgeni hajui kipi kimeishia wapi. Watu wa huko, kama watu wa Pate na Siyu, walikuwa hawana njia ila chombo. Mgonjwa alingoja chombo, bibi harusi alingoja chombo, na maji yakikataa kila mtu alikaa alipo. Daraja la kwanza katika safu hii, la Omishima, lilimalizika mwaka 1979. La mwisho mwaka 1999. Ndipo ikapatikana njia moja, Shimanami Kaido, inayotoka mji wa Onomichi, ikapita visiwa sita, ikateremkia Imabari upande wa Shikoku. Waliojenga madaraja hayo walifanya jambo ambalo wajenzi wengi hulisahau: kando ya magari walimtengea njia yake mwenye miguu na mwenye baiskeli. Njia hiyo ya baiskeli ni kilomita 70 hivi.

Kijana mwenye nguvu huimaliza kwa siku moja. Sisi tuliimaliza kwa siku nne, na wala hatuoni haya. Tulikuwa watu wanane nyuma ya kiongozi mmoja, mzee wa makamo aliyezaliwa visiwani humo, na nyuma yetu gari dogo lililobeba mizigo. Waliotupeleka ni wawili: binti yetu, anayemaliza masomo ya uhandisi wa meli katika jimbo la Hiroshima, na hamu ya mama yake ya kumwona. Wako watakaouliza habari ya binti kusoma mbali na kwao. Hilo tulilizungumza na jamaa kabla hajaondoka, nalo si maudhui ya ukurasa huu.

Mama watoto mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa na umri wa miaka kumi na moja, katika uchochoro wa Mji wa Kale, kabla wakubwa hawajamwambia kwamba sasa yatosha. Huko Onomichi aliwatazama wanawake wakipita asubuhi: mtoto mmoja kwenye kiti cha mbele, mwingine kiti cha nyuma, kapu la mboga limening'inia, na mama mwenyewe hana habari. Vibibi vya miaka themanini vilipita vikienda sokoni. Katika vitabu tulivyosomeshwa hatukuona palipoandikwa kwamba tandiko la baiskeli ni la wanaume. Sharti ni sitara na usalama, nayo yote mawili yalipatikana. Kiongozi alimletea baiskeli yenye mwili ulioinama katikati, cheni iliyofunikwa, na betri inayosaidia miguu kwenye mwinuko. Chini ya vazi lake alivaa suruali pana iliyobanwa kwa kifungo kwenye kifundo cha mguu. Aliyumba mara tatu uwanjani, akamsogeza binti yake pembeni, akaenda zake.

Safari huanza kwa feri. Mkondo wa bahari baina ya Onomichi na kisiwa cha Mukaishima huvukwa kwa dakika tano hivi, na msomaji wa Mombasa ataelewa tukisema kwamba tulisimama pale tukiikumbuka Likoni, ila hapana aliyesukuma. Upande wa pili, mstari wa buluu umechorwa kando ya barabara kutoka mwanzo hadi mwisho, hata asiyejua kusoma herufi zao haachi njia. Magari yao hupita kushoto kama yetu. Kwa hakika, mengi tuliyoyaona yanafanana na yale yanayoteremshwa bandarini Kilindini, basi hata sauti za injini hazikuwa ngeni.

Madaraja hayo yako juu sana kwa kuwa meli kubwa hupita chini yake. Kwa hiyo kila daraja hutanguliwa na njia ya kupanda inayozunguka mlimani polepole, kwa mwinuko mdogo wa asilimia 3, ili mtu asihitaji kushuka na kusukuma. Daraja la Innoshima, la mwaka 1983, lina jambo la pekee: baiskeli hupita ghorofa ya chini na magari hupita juu ya vichwa. Mtu huiona bahari kupitia vyuma huku mngurumo ukimpita utosini. Mama watoto alisoma dua kutoka mwanzo wa daraja hadi mwisho, na daraja lile lina urefu wa zaidi ya kilomita moja.

Kilichotushughulisha zaidi ya madaraja ni kibanda cha mbao. Kando ya barabara za mashamba utakiona, hakina mlango wala mwenyewe. Ndani yake mna mifuko ya machungwa, mna karatasi iliyoandikwa bei, na mna kopo lenye tundu. Mpita njia huchukua mfuko, akatia yeni 100 koponi, akaenda. Tulisimama kwenye kibanda cha kwanza kwa muda mrefu, hata kiongozi akadhani baiskeli imeharibika. Tulitaka kumwona mwenye shamba, lakini alikuwa juu mlimani akipogoa miti yake. Binti yetu alisema kwamba ameishi huko miaka minne na bado hupenda kusikia ile sarafu ikianguka. Tulinunua mifuko miwili, kisha tukarudi kuhakikisha kwamba tulitia 200.

Siku ya pili tulifika Setoda, kisiwani Ikuchijima, nchi ya malimau. Miti imepandwa kwenye matuta hadi karibu na kilele, na hewa yote ina harufu yake. Malimau haya ni yale makubwa ya njano, si ndimu zetu, na huko huyatia katika keki, jamu, chumvi, na hata juu ya samaki mbichi. Sehemu hizo pia ni za pweza. Tulimla amechemshwa na kukatwa vipande vyembamba. Mama watoto akasema ni mzuri lakini amekosa nazi, na sisi hatuna la kuongeza.

Mji huo una hekalu la Kibudha liitwalo Kosanji, ambalo kisa chake kilituvutia kuliko rangi zake. Tajiri mmoja aliyepata mali kwa mabomba ya chuma alimjengea mama yake nyumba kubwa hapo. Mama alipofariki, mwanawe akaacha biashara, akaingia utawa, na kuanzia mwaka 1936 akawa anajenga hekalu kwa kumkumbuka. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka thelathini. Itikadi yao si yetu. Lakini mtu aliyezika mama yake huelewa mikono inayotafuta kazi ya kufanya. Tulikaa nje kwenye benchi tukiwangoja wenzetu, na kiongozi akakaa nasi. Ndipo tulipojua kwamba yeye alikuwa na kazi nzuri Osaka kwa miaka ishirini na miwili, akairudisha alipoona mama yake hawezi tena kupanda ngazi za nyumba yao. Ukiongozaji wa watalii ndio kazi aliyoipata kisiwani. Alilisema jambo hilo kama mtu anayetaja bei ya feri.

Chini ya nguzo ya daraja la Tatara, ambalo lilipofunguliwa mwaka 1999 lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani, ukipiga makofi sauti hupanda juu ikirejea na kurejea. Wenyeji husema ni joka linalolia. Watoto wa kundi jingine walipiga makofi hadi mikono ikawa myekundu.

Lakini hao watoto walikuwa wageni kama sisi, wametoka mjini. Kuanzia Omishima tulianza kuhesabu: katika kijiji kimoja nyumba kumi na nne, za madirisha yaliyofungwa kwa mbao saba. Mizabibu mwitu imepanda hadi kwenye vigae. Shule tuliyoipita imegeuzwa nyumba ya wageni. Katika Japani nzima, kila watu 100, takribani 29 wamepita umri wa miaka 65, na hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilikuta nyumba zisizokaliwa zipatazo milioni 9. Mashamba ya machungwa yanaachwa juu mlimani kwa kuwa aliyekuwa akiyapanda sasa magoti hayamruhusu. Madaraja yalijengwa ili watu wa visiwa wasiteseke. Vijana wakayatumia kuondoka kwa starehe zaidi.

Usiku ule binti yetu alitufunulia lililokuwa likimkaa rohoni. Kiwanda kimoja cha meli cha Imabari kimemwita kazini kwa mkataba wa miaka mitatu, nao wanataka jibu Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi. Hatukumjibu. Mama yake aliendelea kukunja nguo. Sisi tulitoka nje kuitafuta kibla, ambayo huko ni magharibi kukiegemea kaskazini kidogo, hivi kwamba mtu huswali ameipa mgongo Pasifiki yote. Tulikaa kwenye mkeka baada ya Isha kuliko kawaida yetu.

Siku ya nne, kisiwani Oshima, kiongozi aliomba radhi kundi zima, akatupitisha kwao. Mama yake ana miaka themanini na tisa. Wajapani humwita mwanamke mzee yeyote obaasan, yaani nyanya, hata kama hawana udugu naye, basi nasi tukamwita hivyo na binti yetu akawa mkalimani. Tulivua viatu mlangoni, tukakaa chini kwenye mikeka yao ya tatami, na lau si lugha tungesema tumo barazani kwa wakwe. Alitupa chai ya kijani na machungwa aliyoyamenya mwenyewe, akiondoa hata nyuzi nyeupe.

Akauliza tuna watoto wangapi. Tukasema watano. Akauliza wako wapi. Mmoja Mombasa, wawili Nairobi, mmoja Doha, na huyu hapa. Akahesabu kwa vidole, kisha akamtazama mama watoto kwa muda mrefu. Akasema yeye ana watatu. Wawili wako Tokyo, hupiga simu kila Jumapili, ni watoto wazuri. Kisha akamgeukia mwanawe, aliyekuwa nje akitazama upepo wa tairi la baiskeli ya mgeni mmoja, akasema neno ambalo binti yetu alisita kabla ya kulifasiri: kwamba aliporudi kutoka Osaka alimkasirikia mwaka mzima. Hakumlea kwa machungwa, akasema, ili aje kuzeeka pamoja naye katika machungwa. Mama watoto akamwuliza, na sasa? Bibi akacheka kwa kujifunika mdomo. Sasa, akasema, anapika vibaya lakini chakula ni cha moto.

Kwa jamaa watakaotaka kwenda, tutaje machache. Mwezi wa nne na wa tano hali ya hewa ni nzuri, si joto wala baridi. Nyumba nyingi za wageni zina hamamu ya pamoja ambamo watu huoga bila nguo. Mtu aulize mapema chumba chenye bafu lake. Vyoo vyao vingi vina maji ya kutawadhia, tena ya uvuguvugu, na katika safari zetu nyingi hatukuwahi kushukuru hivyo. Chakula ndicho kinachohitaji hadhari, kwa kuwa pombe ya mchele hutiwa katika mchuzi hata wa samaki, na mafuta ya nguruwe hujificha katika supu. Binti yetu alituandikia kadi kwa Kijapani, na mwenye nyumba alipoisoma aliinama, akaenda kutuchomea samaki kwa chumvi tupu ya kisiwa cha Hakata. Kiongozi naye, tukisimama kuswali, aliwaambia wengine wapumzike, akakaa mbali ametupa mgongo hadi tulipotoa salamu.

Sehemu ya mwisho ni daraja la Kurushima, ambalo kwa kweli ni madaraja matatu ya kuning'inia yaliyounganishwa, karibu kilomita 4 kwa jumla. Chini yake mkondo ni mkali kiasi kwamba wakati wa bamvua bahari huchemka kwa mizunguko. Zamani ukoo wa Murakami, mabaharia wa visiwa hivi, uliwatoza ushuru wenye vyombo na kuwapitisha salama, kwa kuwa asiyeujua mkondo huo alipotea. Watu wa mlango wa Mkanda wanajua maana ya hayo. Upepo ulikuwa wa ubavu na mama watoto alitangulia mbele yetu, ushungi umefungwa imara chini ya helmeti.

Katikati alisimama. Kwa mbali, upande wa Imabari, zilionekana winchi za viwanda vya meli, na meli moja ambayo bado haijapakwa rangi. Binti yetu akamwonyesha sehemu ambayo michoro yake hufanywa, jengo lipi, ghorofa ya ngapi. Mama yake akatazama pale, akatazama maji, akauliza winchi ile kubwa hunyanyua tani ngapi, akajibiwa. Kisha akauliza kama nyumba za kupanga za Imabari huwa na chumba cha wageni.