Safu Themanini

Kadi ya kompyuta iliyotumika maofisini hadi miaka ya 1970 ilikuwa karatasi ngumu yenye urefu wa karibu sentimita 19 na upana wa zaidi kidogo ya 8. Uso wake uligawanywa safu wima 80, kila safu ikiwa na nafasi 12 za kutobolewa. Tarakimu ilitosheka na tundu moja, herufi ilidai mawili. Mstari mmoja wa programu ulikaa kwenye kadi moja, hivyo programu ya mishahara yenye mistari 1,000 ilikuwa mzigo wa mikono miwili, nusu ya sanduku la kadi 2,000.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliingia katika kazi hiyo Dar es Salaam mwaka 1970 akiwa mtoboaji kadi, baadaye akafundishwa kutunga programu kwa lugha ya COBOL. Kompyuta za nchi nzima zilihesabika kwa vidole. Kutoboa kulifanywa mara mbili: mmoja alitoboa, mwenzake akapiga upya takwimu zilezile kwenye mashine ya kuhakiki. Katika mashine za IBM, kadi iliyo sahihi ilikatwa pengo dogo kwenye ukingo wa kulia. Iliyokosewa ilipata pengo juu ya safu yenye kosa. Mzoefu hakuhitaji kuisoma kadi hata moja. Alisawazisha rundo na kutazama ubavuni, ambako mapengo yalipangana kama mfereji mdogo. Mfereji ulipozibwa, hapo ndipo kadi mbovu ilipojificha.

Adui wa kwanza wa kadi alikuwa unyevu, na pwani haina uhaba nao. Karatasi hunywa maji ya hewani, hujikunja na kuvimba, kisha husagwa na mashine ya kuzisoma. Kwa sababu hiyo kadi zilitunzwa chumba kimoja na mitambo, kwenye kiyoyozi. (Mchana wa Februari watu wa idara nyingine walikuwa na maswali mengi sana ya kuuliza chumbani humo.)

Adui wa pili alikuwa ngazi. COBOL ilitenga safu sita za mwanzo kwa namba ya mfuatano wa mistari, lakini vijana wengi waliziacha tupu ili kuokoa muda. Badala yake walichora kwa kalamu mstari wa mshazari juu ya ukingo wa rundo zima, ili kadi ikihama ionekane. Mwaka 1972 mwandishi alijikwaa ngazini na programu ambayo haikuwa na namba wala mshazari. Kadi zilimwagika hadi chini. Kuzipanga kulimalizika saa nne usiku, na tangu siku hiyo hakuna rundo lililotoka mezani kwake bila namba.

Zamu ya mashine ilikuwa moja kwa siku. Rundo lilikabidhiwa kwa opereta jioni, na asubuhi lilirudi likiwa limefungwa kwa mpira pamoja na karatasi ndefu za printa. Nukta moja iliyosahauliwa mwishoni mwa sentensi ya COBOL ingeweza kuzaa kurasa za makosa, karibu yote ya uongo, na siku ikawa imepotea. Basi programu ilisomwa kwanza kwa penseli. Mtunzi alijifanya mashine: alichora jedwali, akaandika thamani ya kila kigezo, akaifuta na kuandika mpya kila hatua. Kelele na joto la mitambo havina wa kuvililia. Hamu ya zama hizo imebaki kwenye jedwali hilo la penseli.

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mashine zilizokuwepo ziliendelea kutunzwa kama gari la zamani. Kompyuta ndogo zilipofika mezani katika miaka ya 1980, programu ilitafsiriwa na kompaila kwa lugha ya mashine papo hapo, mara 30 kwa siku kama mtu alitaka. Mwandishi alitaka, na kwa miezi kadhaa alitunga programu mbovu kuliko zote za maisha yake.

Kadi zilikwisha lakini vipimo vyake vilibaki. Tarehe ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu sita, mwaka ukipewa mbili tu, kwa kuwa katika safu 80 kila moja ina thamani. Mwaka 1999 mwandishi, akiwa tayari amestaafu, aliitwa kurekebisha programu aliyoitunga mwenyewe kabla mwaka 2000 haujasomwa kama 1900. Jengo zima halikuwa na kadi hata moja, ila mistari bado ilianzia safu ya 8 na kukoma ya 72. Alipoongeza tarakimu mbili, mstari mmoja ulivuka mpaka huo, na kompaila ikakipuuza kilichozidi bila kusema neno.